Ubobezi wa radiolojia bila feloshipu: mwongozo kwa daktari bingwa aliyeko Tanga

Daktari bingwa wa radiolojia anayefanya kazi Tanga akisema anataka kubobea, ushauri wa kwanza anaopewa ni kwenda feloshipu. Aombe ruhusa, aende mwaka mmoja au miwili, arudi na cheti. Ushauri huo ni mzuri na mwenye nafasi aufuate. Lakini hospitali nyingi nje ya Dar es Salaam zina msomaji mmoja wa picha, pengine wawili. Akiondoka mwaka mzima, wataalamu wa mionzi wanaendelea kupiga CT scan na majibu yanasubiri. Wengine wana watoto wadogo, wazazi wanaougua, mkopo unaokatwa kila mwezi. Mwongozo huu nimewaandikia wao.

Kabla ya hatua yoyote, shika jambo moja. Cheti cha ubobezi bila feloshipu hakianzii kwenye mtihani, kinaanzia kwenye kumbukumbu. Feloshipu humpa mtu kesi nyingi za aina moja, mkubwa wa kumsahihisha, na karatasi inayothibitisha kwamba hayo mawili yalifanyika. Kesi unazo hapo ulipo. Msahihishaji anapatikana ukimtafuta. Karatasi ndiyo utakayoitengeneza mwenyewe, ukurasa baada ya ukurasa, kuanzia wiki hii, hata kama bado hujui utafanya mtihani gani.

Hatua ya 1: Jua milango iliyofungwa

Naanza na hili kwa sababu watu wanapoteza fedha hapa. Bodi ya Radiolojia ya Marekani, American Board of Radiology, inatoa vyeti vya ubobezi katika radiolojia ya ubongo na mishipa ya fahamu, radiolojia ya watoto na radiolojia ya nyuklia. Anayetaka cheti hicho lazima kwanza awe na ubingwa wa bodi hiyohiyo, kisha mafunzo ya ubobezi kwenye kituo wanachokitambua. Radiolojia ya nyuklia peke yake imewekewa njia ya kupita bila mwaka wa ziada: miezi 16 ya mafunzo ya nyuklia iliyopangwa ndani ya miaka ya ubingwa. Hiyo ni kwa walioko kwenye mafunzo huko Marekani. Uzoefu wako wa Tanga, hata uwe mkubwa namna gani, hauhesabiki hapo.

Tiba radiolojia nayo sikushauri uitafutie njia ya mkato. Mtu anayepitisha katheta kwenye ateri anahitaji mikono iliyosimamiwa na mtu aliyesimama pembeni yake. Habari njema ni kwamba kwa hili huhitaji tena kuvuka bahari: Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, MUHAS, kilianzisha mafunzo ya miaka miwili mwaka 2019 kwa ushirikiano na madaktari wa Road2IR, mpango wa kueneza mafunzo ya tiba radiolojia. Ukitaka tiba radiolojia, omba ruhusa, omba ufadhili wa Wizara ya Afya, uende.

Mlango mwingine uliofungwa unafundisha kitu. Mwaka 2011 Marekani ilikubali ubobezi mpya wa taarifa za kitabibu, yaani mifumo ya kompyuta inayobeba taarifa za mgonjwa, na mtihani wa kwanza ukafanyika mwaka 2013. Kwa miaka mingi baada ya hapo, daktari mwenye ubingwa wa bodi ya Marekani aliweza kufanya mtihani huo bila feloshipu, akionyesha tu kwamba kwa miaka mitatu ametumia angalau robo ya muda wake katika kazi hiyo. Wamo wanaradiolojia waliopita hapo, kwa sababu wao ndio waliokuwa wakihangaika na mifumo ya picha siku zote. Fani inapokuwa changa, wanaoijua wameijua kazini, na bodi haina budi kuwapokea hivyo. Ikishakua na vyuo vyake, mlango hufungwa. Kwa hiyo unapotafuta njia ya uzoefu, tazama fani changa na vyeti vya vyama vya kitaalamu. Usitazame fani kongwe zenye feloshipu zilizojaa.

Hatua ya 2: Tenganisha karatasi zinazofanana

Kuna ubingwa bobezi unaosajiliwa. Huo ni wa Baraza la Madaktari Tanganyika, chini ya sheria ya mwaka 2017 inayosimamia madaktari, madaktari wa meno na wataalamu wa afya shirikishi. Kuna diploma za vyama, hasa vya Ulaya, ambazo zinapima ujuzi wa fani moja kwa mtihani na kwa daftari la kesi. Halafu kuna vyeti vya umahiri, vinavyosema unaweza kufanya kipimo fulani kwa kiwango fulani. Vyote vina thamani, ila havibadilishani. Diploma ya Ulaya iliyotundikwa ukutani haikufanyi bingwa bobezi hapa nchini mpaka Baraza liseme hivyo.

Ndiyo maana barua kwa Baraza inatangulia malipo ya mtihani. Iwe fupi:

"Mimi ni daktari bingwa wa radiolojia mwenye namba ya usajili iliyotajwa hapo juu. Nakusudia kufanya mtihani wa (jina kamili la mtihani) unaotolewa na (jina la chama). Naomba kufahamishwa iwapo cheti hiki kinaweza kuingizwa katika kumbukumbu zangu za usajili, na kama kitatambuliwa kuwa sifa ya ubobezi au mafunzo endelevu. Nimeambatisha masharti ya mtihani na mtaala wake."

Ipitishe kwa Mganga Mfawidhi, kwa sababu utamhitaji baadaye kwa mihuri na ruhusa, na ni adabu ajue mapema unachokusudia. Jibu lolote litakalokuja, liwe zuri au baya, lihifadhi.

Hatua ya 3: Chagua fani kwa kuangalia rejista

Usichague fani kwa kuipenda peke yake. Kaa na rejista ya idara, au vuta orodha kwenye mfumo wa hospitali, uhesabu ulichosoma miezi 12 iliyopita. Pwani yetu ina sura yake: vichwa na mifupa ya ajali za bodaboda, kiharusi, vifua vya TB, figo zilizojaa maji na vibofu vilivyokakamaa kwa kichocho, watoto wenye selimundu, uvimbe wa matiti unaoletwa umekwisha kuwa mkubwa, na ultrasaundi za wajawazito bila kikomo. Tangu serikali ilipoanza kusimika CT scan kwenye hospitali za rufaa za mikoa kwa fedha za UVIKO, Bombo ikiwemo, kesi za kichwa ambazo zamani zilipandishwa basi kwenda Dar es Salaam sasa zinapigwa hapahapa.

Ukishahesabu, pima idadi yako kwa kipimo cha nje. Chukua mammografia, yaani eksirei ya matiti. Sheria ya Marekani ya mwaka 1992 kuhusu ubora wa mammografia haimdai msomaji feloshipu. Inamdai, pamoja na mafunzo, awe amesoma picha za wagonjwa 240 katika miezi sita chini ya usimamizi, na baadaye asipungue 960 katika miezi 24. Gawanya: zote mbili zinatoka 40 kwa mwezi. Basi jiulize kama mashine unayoisomea inatoa wagonjwa 40 kwa mwezi. Kama inatoa 10, bado unaweza kuongeza kwa kusomea hospitali jirani, lakini kama hata hilo haliwezekani, matiti si fani yako kwa sasa. Vivyo hivyo cheti cha RPVI cha Marekani, cha kusoma vipimo vya ultrasaundi vya mishipa ya damu, kinataka uthibitisho wa vipimo visivyopungua 500. Ukipata 20 kwa mwezi, hiyo ni miaka miwili na zaidi kidogo, na inawezekana. Ukipata vitatu, haiwezekani.

Wengi wanaona aibu kuchagua ultrasaundi ya wajawazito kwa sababu ni ya kila siku. Kwangu hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuichagua.

Hatua ya 4: Fungua daftari la kesi

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa nitakawia.

Nunua kaunta buku ya kwaya tatu, au fungua jedwali la Excel, au vyote viwili. Kila kesi ya fani uliyochagua ipate mstari wake: tarehe, namba ya kesi uliyoitunga mwenyewe, umri na jinsia, aina ya kipimo, swali la daktari aliyemtuma mgonjwa, maoni yako kwa sentensi moja, una uhakika kiasi gani, msomaji wa pili alisema nini, na mwisho wa kesi. Ongeza safu ya nafasi yako: umesoma peke yako, umesoma ukisimamiwa, au umefanya kwa mkono kama ni biopsi. Vyama hutenganisha haya, na ukijaribu kuyatenganisha baada ya miaka miwili utakuwa unakisia.

Maoni yako yaandike siku hiyohiyo, kabla hujajua mwisho wa kesi. Daftari linalojazwa baada ya majibu ya patholojia kutoka halionyeshi chochote isipokuwa kwamba daktari anajua kunakili. Msimamizi mzoefu akiona kesi 300 mfululizo zote sahihi, atalifunga daftari.

Kesi za nyuma unaweza kuziingiza, ila ziwekee alama kwamba ni za nyuma na umezitoa kwenye rejista. Kila mwisho wa mwezi, jumlisha, weka sahihi yako, mpelekee mkuu wa idara aweke yake na mhuri. Kama mkuu wa idara ni wewe, basi asaini Mganga Mfawidhi. Usisubiri mwaka uishe ndipo umletee mtu karatasi 12 za kusaini kwa mkupuo.

Sasa suala la siri ya mgonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taarifa za afya ziko katika kundi linalolindwa zaidi. Sheria hiyo inagusa pia kupeleka taarifa nje ya nchi, na daftari lako linakwenda nje ya nchi. Kwa hiyo jina la mgonjwa lisiingie kabisa kwenye daftari, wala namba ya faili, wala namba ya simu, wala kijiji. Tumia namba zako, kwa mfano T-0001 na kuendelea, na orodha inayounganisha namba hizo na mafaili ya hospitali ikae kwenye kabati lenye kufuli hapo idarani. Isikae kwenye simu yako.

Picha zenyewe zina mitego ambayo hata daktari makini atanaswa nayo asipofundishwa. Faili la DICOM, yaani muundo ambao mashine hutumia kuhifadhi picha, hubeba jina la mgonjwa, namba yake na tarehe ya kuzaliwa ndani yake, hata kama kwenye skrini huyaoni. Lazima lisafishwe kwa programu. Orthanc ni ya bure na inafanya kazi hiyo. Picha za ultrasaundi zina tatizo jingine: mashine nyingi huandika jina juu ya picha yenyewe, na kusafisha faili hakuliondoi. Lazima ulikate au ulifunike. Na CT ya kichwa ikitengenezwa kwa sura tatu, uso wa mgonjwa unatambulika. Hiyo usiitume kwa mtu.

Pata kibali cha maandishi cha hospitali kabla ya kutumia picha kwa mafunzo yako. Aya mbili zinatosha.

Hatua ya 5: Fuatilia mwisho wa kila kesi

Huu ndio ugumu wa kujifunza bila feloshipu, na hakuna wa kukusaidia kuuepuka. Kwenye kituo kikubwa majibu ya patholojia yanamfikia mwanaradiolojia kwenye kikao cha Jumatano au Alhamisi. Kwetu mgonjwa anaondoka na bahasha yake, na pengine biopsi imepelekwa Dar es Salaam na majibu yamerudi kwa ndugu. Usipoyafuata, utasoma titi miaka kumi bila kujua kama ulikuwa sahihi.

Tenga saa moja kila wiki, siku ileile, kwa kazi hii peke yake. Nenda wodi ya upasuaji na orodha yako mkononi. Mpigie daktari wa upasuaji: "Kaka, samahani kukusumbua, yule mama niliyempa daraja la nne mwezi uliopita, titi la kushoto, ulimfanyia biopsi? Majibu yalisemaje?" Mara ya kwanza ataona unamsumbua. Mara ya tano atakuwa anakupigia yeye. Muuguzi wa kliniki ya upasuaji ni muhimu kuliko wote; mheshimu, mpe namba yako, mwambie kwa nini unataka kujua.

Ukipata majibu, yapime kwa vipimo vinavyojulikana. Katika BI-RADS, mfumo wa kuzipa picha za matiti daraja kwa uwezekano wa saratani, daraja la 3 maana yake uwezekano wa saratani hauzidi asilimia 2. Daraja la 4A ni zaidi ya 2 hadi 10, 4B ni zaidi ya 10 hadi 50, 4C ni zaidi ya 50 na chini ya 95, na daraja la 5 ni asilimia 95 au zaidi. Kama kesi zako za daraja la 3 zimetoa saratani mara kwa mara, unawapunguzia wagonjwa daraja. Kama 4C zako karibu zote si saratani, unawatisha watu na kuwapeleka kwenye sindano bila sababu. Ukifika miaka miwili una jedwali hili la kesi zako mwenyewe, una kitu ambacho hata baadhi ya waliokwenda feloshipu hawana.

Hatua ya 6: Tafuta msomaji wa pili

Mtafute mmoja aliyebobea katika fani hiyo, akubali kusoma sehemu ya kesi zako kwa mwaka au zaidi. Anza na walimu wako wa ubingwa, wa MUHAS au hospitali ya KCMC ya Moshi au popote ulikosoma. Usimwandikie "naomba unisaidie." Mwambie idadi na muda: kesi 10 kila wiki mbili, saa moja ya mazungumzo kwa mtandao, kwa miezi sita ya kwanza, kisha mtaangalia. Mwalimu mwenye kazi nyingi anakubali kitu chenye mipaka.

Kesi za kumtumia usizichague wewe. Ukichagua, utamtumia ngumu tupu ili akusaidie au nzuri tupu ili akusifu. Mtumie kila kesi ya tano katika daftari, iwayo yote. Mkubaliane kipimo cha kutofautiana. Mfumo wa RADPEER wa chuo cha wanaradiolojia cha Marekani una alama rahisi: 1 ni kukubaliana, 2 ni kosa linaloeleweka kwamba mtu angeweza kulifanya, 3 ni kosa ambalo kwa kawaida halikupaswa kufanyika. Andika alama kwenye safu yake, na zile za 3 zisomeeni pamoja.

WhatsApp ni nzuri kwa kupanga saa ya kikao. Kwa picha haifai: inazibana hadi vinundu vidogo vinapotea, na makundi yana watu wengi usiowajua. Tuma mafaili yaliyosafishwa kwa njia ya seva au kiungo chenye nywila.

Hatua ya 7: Badala ya mwaka mmoja, wiki mbilimbili

Masharti mengi yanataka ushahidi kwamba umekaa kwenye kituo cha fani hiyo, walau kwa muda mfupi. Likizo yako ya mwaka inaweza kugawanywa. Kwa matiti na saratani nyingine, Taasisi ya Saratani Ocean Road. Kwa ubongo na mambo mengine, Muhimbili. Kwa anayeishi upande wa Korogwe au Lushoto, Moshi ni jirani kuliko Dar es Salaam. Toka Tanga mpaka Dar es Salaam kwa njia ya Segera na Chalinze ni kama kilomita 350, kwa hiyo usijipangie kwenda kila mwisho wa wiki. Utachoka, na utaona kesi za Jumamosi tu. Kaa wiki mbili mfululizo.

Siku ya kuondoka, usiondoke bila barua. Si barua ya kusema wewe ni mtu mzuri mwenye bidii. Iwe na tarehe ya kuanza na kumaliza, saa kwa siku, idadi ya kesi ulizosoma chini ya usimamizi, jina na namba ya usajili ya aliyekusimamia, na mhuri. Mwandikie rasimu mwenyewe umrahisishie, yeye airekebishe.

Hatua ya 8: Anza na cheti kilicho karibu

Kama ulichagua wajawazito, anza na Fetal Medicine Foundation ya London. Kozi yao ya mtandaoni ni ya bure, na cheti cha umahiri cha kipimo cha wiki 11 hadi 13 hakiulizi kama ulikwenda feloshipu. Kinauliza picha zako. Kijusi kiwe na urefu wa milimita 45 hadi 84 toka utosini hadi makalioni. Kichwa na sehemu ya juu ya kifua vijaze skrini. Kionekane kwa ubavu, mkato wa picha ukipita katikati sawasawa, kichwa kisiinamie wala kupindukia nyuma. Ngozi itofautishwe na utando wa maji. Na alama za kupimia zikae juu ya mistari yenyewe, pale uwazi wa nyuma ya shingo ulipo mpana zaidi. Yanasemwa upesi, lakini kuyapata yote kwenye picha moja kunachukua wiki nyingi za mazoezi.

Tatizo la kwetu si mashine. Akina mama wengi wanaanza kliniki wakati wiki hizo zimeshapita. Zungumza na wakunga wa kliniki za Ngamiani, Makorora, Pongwe, wakutumie mapema wale wachache wanaokuja na mimba changa. Panga nao siku moja maalumu ya juma ili mama asisubiri kutwa nzima.

Kwa matiti, chama cha Ulaya cha picha za matiti, EUSOBI, kina diploma yake. Kwa ubongo, chama cha Ulaya cha fani hiyo, ESNR, kina mzunguko wa kozi unaoishia kwenye mtihani. Wengine hufanya kwanza EDiR, diploma ya Ulaya ya radiolojia ya jumla. Si ya ubobezi, lakini inafunguliwa kwa wanaradiolojia wa nje ya Ulaya na inakuzoesha namna wanavyouliza maswali. Pakua masharti ya mwaka huu ya chama husika, uyachapishe, na mbele ya kila sharti andika karatasi gani katika faili lako inalijibu. Sharti lisilo na karatasi ndilo kazi ya miezi inayofuata.

Na kama wewe ndiye unayeitwa kila mfumo wa picha unapokwama, fikiria CIIP, cheti cha taarifa za picha cha ABII, bodi ya Marekani iliyoundwa mwaka 2007. Hakihitaji uwe umesomea Marekani. Wanahesabu pointi: uzoefu wa kazi, elimu, vyeti na mafunzo endelevu, na ukifikisha 7 unafanya mtihani. Hospitali zetu zinaunganisha mashine na mifumo kila mwaka, na madaktari wanaoelewa vyote viwili ni wachache mno.

Hatua ya 9: Kusoma, kulipa, kufanya mtihani

Kwa vitabu na majarida, uliza hospitali au chuo chako kama kimesajiliwa Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani unaofungua majarida kwa nchi kama yetu. Radiopaedia nayo hutoa baadhi ya kozi zake bure kwa nchi za kipato cha chini na cha kati. Vyama vingi vina ada ya chini kwa nchi hizo, ila hawakupi usipoomba. Tanzania iko kundi la kipato cha kati cha chini tangu Julai 2020, basi soma wanavyotaja makundi kabla ya kujaza fomu.

Ada hulipwa kwa euro au dola. Hakikisha kadi yako ya benki imefunguliwa malipo ya mtandao ya nje angalau wiki moja kabla ya siku ya mwisho, kwa sababu benki hukataa malipo ya kwanza mara nyingi.

Mitihani mingi ya aina hii imehamia mtandaoni tangu 2020. Saa zinazoandikwa ni za Ulaya ya kati. Kati ya mwishoni mwa Oktoba na mwishoni mwa Machi sisi tuko mbele yao saa mbili. Miezi mingine, saa moja. Mtihani wa 10:00 mwezi wa Novemba ni saa sita mchana Tanga. Andika saa hiyo kwa Kiswahili na kwa Kiingereza kwenye karatasi, uibandike ukutani. Kompyuta iwe na betri nzima, kifaa cha intaneti kiwe kwenye UPS, na laini ya mtandao mwingine iwe na kifurushi tayari. Mwombe mwenzako akushikie zamu siku hiyo nzima, usijaribu kufanya mtihani katikati ya simu za dharura.

Hatua ya 10: Cheti kikifika

Peleka nakala kwa katibu wa afya iingie kwenye faili lako la utumishi, na nyingine kwa Baraza, ukirejea barua yako ya kwanza na jibu walilokupa. Chini ya ripoti zako andika "Daktari Bingwa wa Radiolojia", halafu jina kamili la cheti na chombo kilichokitoa. Maneno "bingwa bobezi" usiyaandike mpaka Baraza limeyaandika kwenye kumbukumbu zako. Vyeti vingi hivi vina muda: CIIP ni miaka 10, na cha Fetal Medicine Foundation hufuatiliwa kwa ukaguzi wa vipimo vyako, kwa hiyo daftari halifungwi. Mwezi ukiisha, jumlisha, saini, peleka mhuri.